Sensa za upepo kwenye tela zinalia kila mchana: nitoe upepo au niache?

BintiTanga_Houston

Wakuu habari zenu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Naomba msaada wa wanaovuta matela ya kulala huku Marekani, hasa waliofunga zile sensa ndogo juu ya valvu za matairi, zinazopima upepo na joto la tairi na kupeleka namba kwenye skrini ya dereva. Nitaandika kirefu ili nisijibiwe nusu.

Naishi Houston, ni nesi wa zamu ya usiku. Tuna tela la futi 28, ekseli mbili, matairi manne, na uzito wake wa mwisho ni pauni 7,600 likiwa limejaa maji, vyombo na nguo za watoto watatu. Tunalivuta kwa pikapu ya Ford F-150. Anayeshika usukani mara nyingi ni mimi, maana nimekulia kwenye kichwa cha lori. Marehemu baba aliendesha Tanga hadi Dar miaka mingi, na likizo za shule nilikuwa nakaa katikati yake na utingo.

Julai 2023 tulikuwa tunakwenda Fort Davis, magharibi ya Texas, watoto wakaone nyota kwenye darubini za McDonald. Tuko barabara kuu ya I-10, tumeshaipita Ozona, tunaitafuta Fort Stockton. Kibao kinaruhusu maili 80 kwa saa, mimi nilikuwa kwenye 72. Kiyoyozi kinavuma, watoto wamelala. Sikusikia kitu. Wala usukani haukuvuta, wala gari halikutikisika. Ikaja semi (lori la tela refu) pembeni yangu, dereva anapiga honi mfululizo huku ananyooshea kidole nyuma. Kutazama kwenye kioo, naona moshi na vipande vyeusi vinaruka.

Tairi la mbele kushoto la tela lilikuwa limekwisha kabisa, rimu inasaga lami. Lile la nyuma yake lilikuwa limebeba upande mzima, na ukilisogelea unasikia joto lake usoni. Nyuzi za waya za tairi lililopasuka zilikuwa zimechana plastiki ya juu ya gurudumu na kukata nyaya za breki. Tulikaa pembeni ya barabara saa tatu nzima, joto la nje nyuzi 102 za Fahrenheit, mtoto wangu wa mwisho akatapika mara mbili. Hakuna mti kule. Niliwapanga watoto kwenye kivuli cha tela lenyewe, mbali na upande wa magari, na nikawa nawalowanisha shingo kwa maji ya tangi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba matairi yale yalionekana mapya. Kashata zake, yaani yale meno ya tairi, zilikuwa ndefu, hazijalika hata robo. Baadaye fundi akanionyesha tarakimu nne za mwisho kwenye ile namba ya DOT iliyochapwa ubavuni mwa tairi: 2216. Yaani wiki ya 22 ya mwaka 2016. Tairi la miaka saba lililokuwa linakaa juani uani kwangu, na mimi nalisifu kwa kashata.

Baba alikuwa akisimama Segera, anasimama tena Chalinze, na kila kituo utingo anashuka na nondo kugonga matairi, moja moja, hadi yale ya ndani. Baba anasikiliza kutoka kwenye usukani. Aliwahi kuniambia tairi lenye upepo linairudisha nondo mkononi, lililolegea linaimeza. Siku ile I-10 nilijiuliza: mimi nina nini cha kunigongea matairi nikiwa kwenye mwendo?

Basi nikanunua sensa nne na skrini yake. Nikabadilisha matairi yote pia, kutoka daraja D la uwezo wa kubeba, la psi 65 (psi ni kipimo cha upepo, pauni kwa inchi ya mraba), kwenda daraja E la psi 80, saizi ileile ST225/75R15 (ST ni tairi la tela). Na hapo ndipo tatizo langu linapoanzia.

Wiki iliyopita tuliondoka Houston saa kumi na mbili asubuhi kupeleka tela kwa shemeji yangu, tukashusha vitu njiani, tukaendelea mchana. Asubuhi kabla ya kuondoka nilipima, yote manne psi 80, hewa ya nje nyuzi 75. Saa nane mchana tukiwa karibu na Luling, tunaelekea San Antonio, skrini ikaanza kulia na haikunyamaza. Niliweka ilie ikifika 88. Namba nilizozikuta nimeziandika:

Kushoto mbele 91, joto 118. Kushoto nyuma 91, joto 119. Kulia mbele 89, joto 112. Kulia nyuma 95, joto 137.

Tulipofika, shemeji akasema nitoe upepo mpaka yote yarudi 80, la sivyo yatapasuka tena. Nilishika valvu nikasita. Mume wangu anasema shemeji ana gereji, anajua. Mimi moyo unakataa ila sina hoja.

Na mengine mawili. Sensa za nyuma zinapotea kwenye skrini kila baada ya dakika kadhaa kisha zinarudi. Halafu mwezi wa kumi tunataka kwenda Estes Park, Colorado, tupite Amarillo na Raton. Kule asubuhi ni baridi kali na ni juu sana. Nijaze kiasi gani nikiwa huku kwenye joto la Houston?

Asanteni, na samahani kwa urefu.

---

Mpwani_Amarillo

Marahaba dada, na pole sana kwa yaliyokufika. Hao watoto nao wape pole yangu.

Mimi ni mtu wa Mombasa, niko Amarillo, na naendesha semi mwaka wa kumi na tisa sasa. Trela la kulala ninalo pia, la futi 25. Nakujibu nikiwa nimepumzika kituoni, kwa hivyo nitajibu taratibu.

La kwanza: usitoe hewa kwenye tairi lililo moto. Umesita, na ulisita kwa haki. Shemeji yako asiudhike, jambo hili huwakosesha hata madereva wa miaka mingi.

Ile psi 80 iliyoandikwa ubavuni ni ya tairi baridi, yaani limesimama angalau saa tatu na halijapigwa na jua. Waliolitengeneza wanajua litapanda likianza kuzunguka, na wameliwekea nafasi ya kupanda. Kwa tairi la psi 80, kila joto la ndani likiongezeka nyuzi 10 za Fahrenheit, kipimo kinapanda karibu psi 2. Kwa hivyo 89 na 91 mchana wa Texas ni namba nzuri, ni namba za tairi lenye afya. Sasa ukitoa hewa hapo lirudi 80, usiku likipoa litakuwa na 70 hivi, na kesho unaondoka na tairi lililolegea. Lililolegea linajikunja zaidi kila mzunguko. Kujikunja ndiko kunakoleta joto, na joto ndilo linaloachanisha tabaka za tairi. Hivyo ndivyo yanavyopasuka mengi, kwa hewa chache.

Kosa lako ni pale ulipoiwekea skrini mpaka wa 88. Huo ni asilimia 10 tu juu. Uweke 100, yaani asilimia 25. Wa chini uweke 72. Wa joto uache 158 kama walivyouweka kiwandani.

Halafu soma hapa kwa makini, kwa sababu hili sijaona mtu akilieleza vizuri. Ukiwa njiani tairi liko 91. Likianza kuvuja polepole, skrini haitalia mpaka lishuke chini ya 72. Yaani linapoteza psi 19 huku umekaa ukidhani uko salama. Kwa sababu hiyo usitegemee mlio peke yake. Hakikisha ile kazi ya kugundua uvujaji wa ghafla imewashwa, na wewe mwenyewe tupa jicho kila nusu saa. Usitafute namba kubwa wala ndogo. Tafuta ile ambayo haifanani na wenzake.

Na hapo ndipo nakuja kwenye jambo ambalo wewe hukuuliza.

Umeuliza kuhusu matairi manne, mimi naliona moja. Ulikuwa unaelekea magharibi mchana wa mwezi wa tisa, kwa hivyo jua lilikuwa kushoto kwako, kusini. Upande wa kushoto ndio unaopaswa kuwa moto zaidi, na kweli mbili za kushoto ni 91 zote, joto 118 na 119. Kulia mbele iko kivulini, 89 na 112. Sawasawa kabisa. Kulia nyuma nayo iko kivulini, na ina 95 na 137. Inawazidi walio juani kwa nyuzi 18, na jirani yake kwa 25. Asubuhi ulipima zote sawa, kwa hivyo si hewa nyingi. Joto lile latoka mahali pengine.

Naapa dada, usiivute trela hiyo tena kabla gurudumu hilo halijafunguliwa. Ama breki inasugua, ama beringi inakufa. Beringi ikikwama gurudumu zima hutoka, na hapo huna wa kumlaumu ila mlio ulioupuuza. Ipige jeki, zungusha kwa mkono, sikiliza. Ikizunguka kwa uzito kuliko wenzake umepata jibu. Ukitoka tena, nunua kile kipimajoto cha kuelekeza mwanga, na kila ukisimama elekeza katikati ya gurudumu, pale penye kifuniko cha beringi. Sensa ya valvu iko nje, inapozwa na upepo wa mwendo, kwa hivyo ikisema 137 jua ndani kuna zaidi.

Kuhusu lile tairi lililobeba wenzake Ozona. Hesabu yake ni hii. Trela la pauni 7,600, ukitoa zile 900 hivi zinazolalia ndoano ya pikapu, ekseli zinabeba 6,700. Kila upande 3,350. Tairi lako la zamani la daraja D uwezo wake ni 2,540, la sasa la E ni 2,830. Likipasuka moja, jirani anabeba 3,350 peke yake. Hata hili jipya haliwezi. Ndiyo maana yakipasuka kwenye trela la ekseli mbili hupasuka mawili, na ndiyo maana ukilibadilisha moja lililopasuka, jirani yake usimwamini tena. Hizo namba zangu za uzito ni za karatasi. Pita kwenye mizani ya CAT Scale, iko kwenye vituo vingi vya semi, upime lako likiwa limejaa kweli.

Signali inayopotea: unahitaji kikuza mawimbi. Ni kidude kidogo, kinafungwa mbele ya trela na kula umeme wa betri ya trela, kinashika sauti ya sensa za nyuma na kuipeleka mbele. Kwa futi 28 nyuma ya pikapu ndefu, ni lazima.

Colorado nakujibu nikiamka. Naenda kulala, sheria ya saa kumi za mapumziko hainisubiri.

---

FundiMatairi_MN

Habari dada. Niko Minneapolis, nimetokea Nakuru, na kazi yangu ya kila siku ni kufunga matairi. Huyo mzee wa Amarillo amesema kweli yote, sina la kupinga. Mimi naongeza kitu kimoja ambacho kimenishtua kwa maelezo yako.

Umesema umetoka psi 65 kwenda psi 80. Je, walipokufungia matairi mapya walibadilisha valvu? Na zile rimu walizigeuza wakasoma nyuma?

Ile valvu ya mpira ya kawaida inayosukumwa kwenye tundu la rimu, namba yake TR413, mwisho wake ni psi 65. Ukiijaza 80 na mchana inafika 91, unaiomba kitu haikutengenezewa. Halafu juu yake umeweka sensa ambayo ina uzito. Gurudumu likizunguka, ule uzito unavuta valvu kuelekea nje kila sekunde, mpira unachoka pale shingoni, na siku moja unachanika. Nimeshatoa valvu ambayo mwenyewe aliweka sensa ili kujilinda, na sensa ndiyo iliyomwangusha. Mteja huyo alilia mbele yangu.

Weka valvu za chuma, za kukazwa kwa nati. Hazina bei ya kuogopesha ukilinganisha na tela. Kama sensa zako ni za aina ile ndefu ambayo unaweza kujaza upepo bila kuifungua, basi chuma si hiari tena, ni lazima. Na rimu nayo ina mwisho wake wa psi na wa uzito, mara nyingi umechongwa upande wa ndani. Kama rimu imeandikwa 65, tairi la 80 halikusaidii kitu, usilijaze zaidi ya 65.

Ukishafunga sensa, chovya brashi kwenye maji ya sabuni, paka kuizunguka. Povu likitoka, inavuja. Watu wengi wanaacha hatua hii kisha wanalaumu tairi. Usikaze kwa koleo, mkono unatosha. Na angalia madini: kofia ya shaba nyeupe au ya njano juu ya valvu ya alumini, pamoja na ile chumvi tunayomwagiwa barabarani huku kaskazini, vinashikana hadi unakata valvu. Kwako Houston chumvi ya barabarani hamna, ila ukienda kupiga kambi Galveston ufukweni ni yale yale.

Betri za sensa badilisha zote siku moja, mwanzo wa msimu. Usingoje ife moja moja.

Jambo la mwisho, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu naliona kila kiangazi. Pikapu yako ilikuja na taa ya upepo kwenye dashibodi. Hiyo ni sheria ya mwaka 2000, iliyotungwa baada ya watu wengi kufa kwa matairi ya Firestone yaliyokuwa yakiachana kwenye Ford Explorer, na tangu Septemba 2007 kila gari dogo jipya linalouzwa nchi hii ni lazima liwe nayo. Tela halimo kwenye sheria ile. Kwa hiyo watu wanaona taa haijawaka mbele yao wanadhani wako salama wote, kumbe ile taa haijui kama nyuma kuna tela. Hata hiyo taa ya gari inaruhusiwa kungoja upepo upungue asilimia 25. Kwenye tela lililojaa, robo ikiondoka umeshachelewa.

Na mwendo: tairi la ST lisilo na herufi ya mwendo ubavuni mwisho wake ni maili 65. Ulikuwa 72, joto 102, tairi la miaka saba. Sikulaumu dada, hukuambiwa na mtu. Angalia haya mapya, kama yameandikwa L ni 75, M ni 81. Lakini mimi hata likiandikwa M navuta kwa 62.

---

Kambi_Arusha

Wakuu, naomba kuchangia kidogo kutoka nyumbani. Tunavuta tela la vifaa vya kambi kwa Land Cruiser kwenda Seronera. Kile kipande cha kutoka Ngorongoro kushuka hadi Naabi ni makunyanzi matupu, na sensa ndefu za juu ya valvu hazikumaliza msimu kwetu. Mawe yanazipiga, mtikisiko unazilegeza. Tuliishia kuweka za ndani ya rimu, na tangu hapo hatujapoteza hata moja.

Kwetu upepo tunapunguza kwa makusudi tukiacha lami, na tunajaza tena kwa kompresa tukirudi. Sasa kila ukipunguza, kile kidude kinapiga kelele, na vijana wakachoka wakawa wanakizima. Kikabaki kimezimwa siku tairi lilipotoboka kweli. Siku hizi tumeweka mipaka miwili, ya lami na ya vumbi, na dereva anabadilisha pale getini kabla ya kuwasha gari. Dada, ukishaona inalia bila sababu rekebisha mpaka siku hiyohiyo. Usiizoee.

---

Mpwani_Amarillo

Nimeamka. Ndugu wa Arusha, hilo la kuzoea mlio ni neno zito, ahsante.

Sasa Colorado. Dada, ukijaza 80 Houston asubuhi nyuzi 75, kisha ukaamka Estes Park nyuzi 25, baridi peke yake ingekushusha hadi kama 71 na skrini ingelia alfajiri. Lakini kuna jambo la pili. Estes Park iko futi 7,500 juu. Hewa ya nje kule ni nyepesi, kama psi 11 badala ya 14.7 ya kwenu pwani, na kipimo cha tairi husoma tofauti kati ya ndani na nje. Nje ikipungua, kipimo kinapanda. Kwa hivyo utakuta kama 75, si 71. Usishangae namba zikigoma kushuka kama ulivyotarajia.

Usijaze zaidi Houston eti kwa kuiwahi baridi. Jaza 80 yako, safiri. Asubuhi ya kwanza kule juu, kabla jua halijagusa tairi, ongeza hadi 80. Nunua kompresa ya kutumia betri ya gari, hakikisha yafika 80 kweli, nyingi ndogo huishiwa nguvu kwenye 50. Na Raton kuna mlima, njia ya juu kabisa ni futi 7,834. Ukishuka kuelekea Trinidad tumia gia, usilale juu ya breki. Ukifika chini simama, elekeza kipimajoto kwenye magurudumu yote.

Lakini kulia nyuma kwanza.

---

BintiTanga_Houston

Wakuu, nimerudi. Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa nafanya mliyoniambia.

Jumamosi nilipiga jeki upande wa kulia. Gurudumu la mbele nilisukuma kwa kidole likazunguka. La nyuma lilizunguka nusu likasimama, na kulikuwa na sauti ya kukwaruza. Fundi akafungua ngoma ya breki. Kiatu cha breki kilikuwa kimekazwa mno tangu nilipotengenezewa breki baada ya ile ajali, kikawa kinagusa muda wote. Ngoma imebadilika rangi ikawa ya bluu, na grisi ya beringi imeanza kuwa nyeusi kama lami. Beringi tukabadilisha ingawa fundi alisema zingeendelea kidogo. Nilimwambia hapana.

FundiMatairi, valvu zangu zilikuwa za mpira. Zote nne, TR413, na mbili ukizikunja kwa kidole unaona mipasuko midogo shingoni. Kwenye hiyo gereji niliyofungiwa matairi hakuna aliyenigusia hilo. Sasa nina za chuma. Rimu nilizigeuza nikasoma mwenyewe, zinaruhusu 80, nashukuru Mungu. Kikuza mawimbi kimefungwa, nyuma haijapotea tena hata mara moja. Mizani nimepita: ekseli 6,840. Yaani nilikuwa nimebeba kuliko hesabu ya karatasi. Tumetoa seti ya vyungu vya chuma na masanduku mawili.

Shemeji nilimsomea majibu yenu. Alikaa kimya, kisha akaomba jina la aina ya zile valvu.

Naandika hapa nikiwa Estes Park. Tumelala Amarillo usiku wa kwanza, barabara ya 287 ni ndefu lakini nilienda 62 na hakuna aliyelalamika isipokuwa semi mbili. Mwanangu wa miaka 11 ndiye utingo wangu. Anakaa mbele, kila nusu saa anasoma namba nne kwa sauti na kuandika kwenye daftari. Karibu na Dalhart akasema, "Mama, kulia nyuma ni ndogo kuliko kushoto." Nilisimama tu kwenye kituo cha mafuta nikakaa dakika kadhaa bila kushuka. 89 na 90. Joto 108 na 111. Kama inavyotakiwa.

Asubuhi ya leo nje nyuzi 27, barafu imeganda juu ya ndoano. Namba: 75, 76, 75, 75. Mzee wa Amarillo, ulijuaje! Nimejaza hadi 80, kompresa ilichukua muda ila imefika. Jana jioni tulisikia elki, wale kulungu wakubwa, wanalia ng'ambo ya mto, mtoto wangu mdogo akaniuliza ni nani anayepiga filimbi.

Jumatano tunashuka kurudi. Hii 80 niliyojaza kwenye barafu, nikifika chini itakuwa nyingi? Nitoe wapi?

---

Mpwani_Amarillo

Alhamdulillahi. Hiyo ngoma ya bluu ihifadhi, mwonyeshe kila anayeuliza.

Usitoe huko juu, usitoe njiani. Lala Amarillo tena. Asubuhi, kabla ya jua, utakuta kama 82 au 83. Hapo ndipo urudishe 80, tairi likiwa baridi. Ukifika Houston pima tena asubuhi inayofuata, itakuwa imepanda kidogo, irudishe vilevile.

Mwambie utingo aendelee na daftari. Akiona moja imeachana na wenzake kwa psi 4, msimame, hata kama skrini imenyamaza.